Saa Nne ya Watoto Wetu Imekwenda Wapi?

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, kijiji kimoja wilayani Muheza, mkoani Tanga, kumzika baba yangu mdogo. Siku ya pili baada ya maziko nilikuwa nimekaa barazani pamoja na wazee, kahawa ikizunguka, mara nikasikia kengele ya shule. Kengele yenyewe ni ile ile niliyoijua tangu utotoni: kipande cha reli kilichotoka katika mashamba ya mkonge, kimening'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa nondo. Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Nikaweka kikombe chini, nikatega sikio, nikasubiri kelele za watoto.

Kelele hazikuja.

Mnaonisikiliza ambao mlisoma shule za vijijini mnanielewa. Zamani kengele ya saa nne ilikuwa kama kufungua zizi la mbuzi. Shule nzima ilimwagika uwanjani kwa pamoja, na kelele zake zilifika mpaka mashambani, hata mama zetu waliokuwa wakipalilia mihogo walijua wakati bila ya kuwa na saa mkononi. Sasa kengele imelia na kijiji kimekaa kimya. Nilidhani labda kuna jambo. Nikawaaga wazee, nikashika njia ya shuleni.

Nilimkuta mwalimu mkuu, mama wa makamo, mchangamfu, anasahihisha madaftari nje ya ofisi yake. Akanipa pole ya msiba, akanipa kiti. Nikamwuliza watoto wako wapi. Akanionyesha kwa mkono. Darasa la nne na la saba walikuwa ndani, wanaendelea na mazoezi ya mtihani wa taifa. Darasa la tano na la sita walikuwa wananakili maswali kutoka ubaoni. Wadogo walikuwa wamekwisha kunywa uji, wamekaa upenuni mwa madarasa kwa amri, maana uwanja haupo tena. Pale tulipokuwa tukichezea sisi, nusu yake sasa ina madarasa mapya manne, na nusu ya pili ina marundo ya kokoto na mchanga yanayosubiri madarasa mengine.

"Kaka," akaniambia, "nyinyi watu wa redio mnapenda kutuuliza habari za michezo. Lakini siku ya matokeo hakuna mzazi hata mmoja atakayekuja kuniuliza watoto walicheza kiasi gani. Na wazazi wenyewe ndio waliokaa kikao wakaomba mapumziko yapunguzwe." Kisha akanitazama, akauliza kwa upole, "Na wa kwako je? Anacheza saa ngapi?"

Ndugu msikilizaji, nimekuwa mtangazaji kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na ninapoulizwa mimi, kwa kawaida sikosi la kujibu. Siku ile nilikosa. Binti yangu yuko darasa la tano, Dar es Salaam. Gari la shule humchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hurudi saa kumi na moja jioni, na ikifika saa kumi na mbili mwalimu wa masomo ya ziada anabisha hodi. Mwalimu huyo nimemtafuta mwenyewe na ninamlipa mwenyewe. Akiondoka, ni chakula na kulala. Nilipiga hesabu pale pale juu ya kile kiti, nikaona kwamba katika siku tano za juma sijamwachia mtoto wangu hata nusu saa iliyo yake.

Basi nilitaka leo tuzungumze juu ya hiyo nusu saa. Na ili tuelewane, hapana budi kwanza tukumbushane ilikuwaje.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1986. Shule yetu, kama nyingi za wakati ule, ilikuwa imejaa, kwa sababu tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa lilikuwa limeazimia kila mtoto apate elimu ya msingi. Madawati yalikuwa machache, vitabu tulishirikiana watoto wanne au watano. Lakini kitu kimoja kilitutosha sote, nacho ni uwanja. Na juu ya uwanja ule kila kundi lilikuwa na mahali pake, ingawa hapakuwa na aliyepima wala kuandika.

Karibu na mwembe palikuwa pa wasichana wa rede. Wawili husimama pande mbili wakitazamana, wana mpira mdogo wa matambara au wa makaratasi. Katikati yuko mwingine na chupa tupu. Kazi yake ni kuijaza ile chupa mchanga, gao moja baada ya jingine, huku mpira ukimrukia kutoka mbele na kutoka nyuma. Anainama, anachota, anaruka, anakwepa. Akipigwa na mpira, ametoka. Chupa ikijaa, ameshinda. Sisi wavulana tuliudharau mchezo huo, tukasema ni wa kike, mpaka siku moja tulipojaribu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikisha nusu ya chupa.

Kwenye kivuli cha darasa la pili palikuwa pa mdako. Shimo dogo ardhini, vijiwe ndani yake, na kijiwe kimoja mkononi. Unakirusha juu, na kabla hakijashuka umekwisha kuvitoa vijiwe shimoni, ukakidaka ulichokirusha; unarusha tena, unavirudisha vyote isipokuwa kimoja. Hapo ndipo nilipojifunzia kuhesabu upesi, kabla mwalimu hajanifundisha. Upande wa nyuma walikuwapo wacheza gololi, na aliyekosa gololi za dukani alitumia komwe. Njia iendayo kisimani ilikuwa ya wenye ringi za baiskeli, wakizisukuma kwa kijiti na kutoa mlio wa basi kwa midomo. Katikati ya uwanja palikuwa pa mpira, nao ni matambara yaliyofungwa kwa kamba za katani. Magoli yetu yalikuwa milingoti ya mkonge, ile miti mirefu inayochomoza katikati ya mkonge unapotoa maua. Ikivunjika, tulikwenda kukata mingine. Hakuna aliyemwomba mzazi senti moja.

Lakini mchezo uliokuwa mkubwa kuliko yote, uliowachanganya wavulana na wasichana, wadogo na wakubwa, ulikuwa kombolela. Niruhusu niueleze kwa kirefu kidogo, maana nimegundua kwamba wapo wasikilizaji wengi wenye umri mdogo wasioujua.

Mnachora duara, mnaweka kopo katikati. Mmoja anachaguliwa kulinda. Mwenzake analipiga kopo teke lifike mbali, na wakati mlinzi anapokwenda kulichukua na kulirudisha, wengine wote wanakimbia kujificha. Mlinzi anaanza kuwatafuta. Akimwona mtu humtaja kwa jina na mahali alipojificha, kisha hukimbia kuligusa kopo kabla yule hajafika. Aliyetajwa ametekwa, anakuja kusimama karibu na duara. Mwingine anatekwa, na mwingine tena. Sasa mmesimama mateka wanane au kumi, na huko vichakani amebaki mmoja tu ambaye hajaonekana. Mtu huyo anaweza kuendelea kujificha, akakaa salama mpaka kengele. Au anaweza kutoka mbio, akalipiga kopo teke kabla mlinzi hajaligusa. Akifaulu, mateka wote wamekombolewa, wote wanakimbia kujificha upya, na mlinzi anaanza tena. Akishindwa, naye ametekwa. Ndiyo maana mchezo ukaitwa kombolela. Ni mchezo wa kukomboana.

Sikumbuki hata siku moja mtu wa mwisho alichagua kubaki amejificha. Labda wapo waliofanya hivyo, lakini huwezi kufanya hivyo mara mbili katika shule moja. Wale waliosimama pale duarani wanakungoja. Unawasikia wanavyokuita. Unajua kwamba kesho wewe ndiye utakayesimama pale, na wao ndio watakaokuwa vichakani.

Naomba pia nikiri jambo. Nilipokuwa darasa la nne niliwekwa kulinda, nikachoka. Nilikuwa nimelinda karibu mapumziko yote, na kila nikikaribia kuwamaliza, mtu anatokea na kuwakomboa. Mwishoni alibaki msichana mmoja, nami sikujua aliko. Basi nikadanganya. Nikapiga ukelele nikalitaja jina lake, nikasema amejificha nyuma ya stoo ya majembe, nikagusa kopo. Nilibahatisha tu. Msichana yule akajitokeza kutoka upande wa pili kabisa, kwenye migomba ya shamba la shule, anatembea taratibu, hana haraka.

Hakuna mwalimu aliyeitwa. Dada mmoja wa darasa la sita, ambaye sisi wote tulimheshimu, alisimama katikati akaniuliza swali moja tu, "Umemwona wapi?" Nikarudia nyuma ya stoo. Akawauliza mateka, "Ametokea wapi?" Wakasema kwenye migomba. Akasema, "Basi linda tena." Hukumu ikaisha. Sikupigwa, sikutukanwa. Lakini kwa muda wa juma zima, kila nilipomtaja mtu, walisema kwa sauti moja, "Tuonyeshe kwanza!" Neno langu lilikuwa halina thamani, na nililazimika kulinunua upya, siku baada ya siku, kwa kusema kweli. Nimesomea uandishi wa habari, nimepata stashahada, nimefundishwa na wakufunzi hodari kwamba habari isiyo na uhakika haitangazwi. Nawaheshimu wote. Lakini somo lenyewe nilikwisha kulipata darasa la nne, karibu na duara lililochorwa kwa kisigino.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Watu wengi wakizungumzia michezo ya zamani husema ilijenga mwili, na ni kweli, ilijenga. Wengine husema ni utamaduni wetu, nao wamesema kweli. Lakini mimi naona jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba michezo ile ilikuwa serikali ya watoto. Sheria walizitunga wao. Walizibadilisha wao. Walihukumiana wao, na hukumu ikatekelezwa bila ya kiboko. Pale darasani tulifundishwa kutii, na kutii kuna mahali pake. Uwanjani tulijifunza jambo jingine, la kukubaliana na mtu ambaye hana mamlaka juu yako wala wewe huna juu yake, na kisha kulishika mliyokubaliana hata pale yanapokuumiza.

Nitoe mfano mmoja. Darasani kwetu alikuwapo mwenzetu aliyekuwa na mguu mmoja uliolemaa kwa ugonjwa wa kupooza. Mbio hawezi. Hatukuwa na mwalimu wa elimu maalumu, wala hakuna aliyetuhubiria habari za haki za walemavu. Lakini ilikubalika kwamba yeye akiwekwa kulinda kopo anachagua mkimbiaji wake. Yeye anaangalia, anataja jina na mahali. Mwenzake anakimbia kuligusa kopo. Naye alikuwa na macho makali ajabu, kiasi kwamba kila mtu aliogopa zamu yake. Nani alitunga sheria hiyo sijui. Niliikuta, na nadhani walionifuata nao waliikuta. Mimi naamini kwamba mtoto aliyekua akiona sheria inaweza kupindwa kidogo ili mwenzake apate nafasi, amejifunza jambo ambalo baadhi yetu watu wazima katika ofisi zetu bado hatujalijua.

Sasa, sitaki mnielewe vibaya. Sikuja hapa kuisifu zamani kana kwamba ilikuwa pepo. Wapo wenzetu waliocheza na njaa, kwa sababu uji wenyewe haukuwapo. Wapo waliojeruhiwa na manati. Na lipo jambo ambalo mimi kama mwanamume naliona aibu kulikumbuka: mara nyingi, tulipokuwa sisi wavulana tunacheza, wasichana walikuwa wametumwa kuchota maji ya walimu au kufagia. Walicheza rede kwa dakika zilizobaki. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba watoto wote wa zamani walicheza, nitamjibu kwamba wavulana walicheza, na wasichana waliiba muda wa kucheza. Tukiirudisha saa nne, tusiirudishe hivyo.

Lakini je, imepotelea wapi? Wengi hukimbilia kuilaumu simu na televisheni. Yumkini zina sehemu yake. Ila kijijini kwetu watoto hawana simu, na bado hawachezi. Mimi naona simu hukuta nafasi iliyokwisha kuachwa tupu, na walioiacha tupu ni sisi watu wazima. Tumefanya hivyo kwa nia njema, nayo nia njema ndiyo ngumu kuishtaki.

Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na ilipoanza tena elimu bila ada mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa wakibaki nyumbani walikuja shuleni. Hilo ni jambo la heri, na yeyote anayelilalamikia hajui maana ya kubaki nyumbani. Watoto wakiongezeka, madarasa yanatakiwa. Madarasa yakitakiwa, hutafutwa mahali penye nafasi. Na mahali penye nafasi, pasipo na miti ya kukata wala fidia ya kumlipa mtu, ni uwanja wa watoto. Hakuna aliyekaa akaamua kuwanyang'anya. Ni darasa moja mwaka huu, choo mwaka kesho, nyumba ya mwalimu mwaka wa tatu, na ghafla uwanja umekwisha.

Kisha ukaja mtihani. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Lakini orodha hiyo imebaki vichwani mwetu. Wazazi tunalinganisha, kata zinalinganishwa, walimu wanaulizwa. Katika hali hiyo mwalimu afanye nini? Dakika pekee ambazo hakuna mtu wa kuzidai ni za mapumziko. Basi anazichukua. Sisi tunampongeza, halafu tunashangaa kwamba watoto wetu wakigombana hawajui kupatana mpaka aje mtu mzima.

Pengine yuko anayesema moyoni kwamba huyu bwana anazungumzia mambo madogo. Kucheza ni kucheza tu. Nami namkumbusha kwamba sheria ya nchi yetu haikuliona dogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Kabla ya hapo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, ulikwisha kusema hivyo katika kifungu cha 31. Na mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulianza kuadhimisha siku ya kimataifa ya kucheza, tarehe 11 Juni. Dunia nzima imeona haja ya kutenga siku moja kwa mwaka. Sisi wazee wetu walitutengea nusu saa kila siku, na hawakuipa jina.

Wahenga nao walilijua jambo hili. Walisema kazi na dawa. Hawakusema kazi, halafu dawa ikibaki nafasi.

Basi tufanyeje? Mimi si mtaalamu wa elimu, lakini naomba nitoe mawazo matatu, na walio na ujuzi zaidi wayaboreshe.

Kwanza, kamati za shule. Ninyi ndio wenye neno juu ya eneo la shule. Jengo jipya linapokuja, ulizeni swali moja kabla ya kupitisha: watoto watachezea wapi? Uwanja nao upimwe na uwekewe mipaka, uandikwe katika ramani ya shule kama lilivyoandikwa darasa. Palipo na shamba la shule lisilolimwa, au kichaka kisichotumika, pasafishwe. Kombolela haihitaji uwanja wa mpira. Inahitaji duara, kopo na mahali pa kujificha.

Pili, walimu. Nawaomba muwarudishie watoto saa nne yao kamili, wasichana kwa wavulana, darasa la saba pamoja nao. Na mkiwarudishia, nawaomba jambo lililo gumu zaidi: msiwaongoze. Tumezoea kwamba kila kitu kikirudishwa lazima kiwe na ratiba, mwamuzi, filimbi na kombe la mshindi. Mashindano ya shule za msingi yapo, ni mazuri, na yametuletea wanamichezo hodari. Lakini mchezo wa saa nne ni wa watoto. Kaeni pale kwenye kiti chenu, mtazame mtoto asiumie, basi. Wakigombana, subirini kidogo. Mtashangaa.

Tatu, wazazi, na hapa najisemea mwenyewe kwanza. Mwalimu mkuu yule alisema kweli: sisi ndio tunaoomba. Hakuna shule itakayoacha kuchukua muda wa watoto ikiwa wazazi wanaudai uchukuliwe. Tukienda kikaoni, tuulize na lile swali ambalo mwalimu alisema halijawahi kuulizwa.

Kabla sijamaliza, niwaeleze jambo moja lililotokea jioni ya siku ya tatu, baada ya hitima. Wageni walikuwa wameanza kuondoka. Watoto wa ukoo, wa mjini na wa kijijini, walikuwa wametawanyika uani. Binti yangu, ambaye tulimwombea ruhusa shuleni aje kumzika babu yake, alikuwa amekaa pembeni na simu ya mama yake. Mwezi ulikuwa umetoka. Nikaokota kopo tupu la maziwa, nikachora duara kwa kisigino, nikawaeleza sheria, kisha nikarudi barazani kama nilivyowataka walimu wafanye.

Walianza vibaya. Walibishana, wakaanza upya. Hatimaye mchezo ukakaa sawa. Binti yangu alitekwa mapema, maana hakujua kujificha, akasimama kwenye duara pamoja na wengine sita. Mara kijana mdogo wa kijijini, ambaye hata jina lake hakulijua, akachomoka nyuma ya banda la kuku akalipiga kopo teke likaruka mpaka jikoni. Mateka wote wakatimua mbio. Binti yangu akabaki amesimama pale pale, peke yake, mikono imeshuka. Wenzake wakampigia kelele kutoka gizani, "Kimbia! Umekombolewa, kimbia!"

Akageuka akanitazama mimi. Akauliza, "Baba, naruhusiwa?"

Ndugu msikilizaji, nilimwambia kimbia, akakimbia. Lakini swali lake sijalisahau. Mtoto wa miaka kumi ameambiwa na wenzake kwamba yuko huru, naye bado anamtafuta mtu mzima wa kumpa kibali. Hakuzaliwa hivyo. Nimemfunza mwenyewe, saa baada ya saa, kwa fedha yangu.

Tangu tuliporudi, mwalimu wa masomo ya ziada anakuja siku mbili kwa juma badala ya tano. Jioni zilizobaki ni za binti yangu. Katika mtaa wetu hakuna uwanja, lakini kuna kipande cha barabara ambacho magari ni machache, na wako watoto wa majirani watano ambao kumbe nao walikuwa ndani wanangoja mtu abishe hodi. Juzi nimesikia wanabishana kwa sauti kubwa nje ya dirisha langu, nani ameonekana na nani hajaonekana. Nilitaka kutoka niamue. Nikajizuia, nikakaa.

Baada ya muda kidogo nilisikia kopo linagongana na lami, na miguu mingi inakimbia.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.